Muulize Mwalimu wa Kemia: chumvi ndani ya riakta

Tangu ule mjadala wa mtambo wa nyuklia pale Uyombo, Kilifi, wenyeji wakasimama wakasema hawautaki, maswali ya nyuklia hayajakatika kwenye ukurasa huu. Mwezi huu mengi yamekuja juu ya kitu kimoja, riakta (mitambo ya kupasua atomi ili kupata joto) za chumvi iliyoyeyuka, nafikiri kuna video zinazunguka kwa simu za watu. Nimefurahi kweli, maana hapa ndipo kemia inapofanya kazi kubwa kuliko mahali pengine popote kwenye nyuklia, na huwa haisemwi. Nimechagua maswali sita, moja nimelijibu kwa urefu kuliko mengine kwa sababu lastahili.

Mwalimu salaam aleikum. Naona wasema kuna riakta zinatumia chumvi badala ya maji. Ni hii hii chumvi ya Gongoni tunayotia kwa mchuzi ama ni kitu chengine? – Msomaji, Likoni

Waaleikum salaam. Ni kitu chengine lakini ni jamaa moja. Chumvi ya mchuzi ni sodiamu na klorini, ukiipasha moto mpaka nyuzi 801 yayeyuka yawa kioevu. Ile ya riakta iliyochunguzwa sana ni ya florini, lithiamu floraidi na beriliamu floraidi zachanganywa mbili kwa moja, wenye kazi yao waiita Flibe. Hiyo yayeyuka kwenye nyuzi 459 na haichemki mpaka ikaribie nyuzi 1430, kwa hivyo una nafasi ya karibu nyuzi elfu moja ambapo ni kioevu tu kimetulia, hakitoi mvuke wa kusukuma kuta. Maji yale ya riakta za kawaida ili yasichemke kwenye nyuzi 320 hivi lazima yabanwe kwa presha kama mara 150 ya hewa hii tunayovuta, ndio maana yale madude yana kuta nene vile.

Na kwenye aina niipendayo kuieleza, fueli yenyewe imeyeyushwa mle mle ndani ya chumvi, yureniamu ikiwa imeshikana na florini nne. Hakuna fimbo za fueli. Chumvi yapita katikati ya vipande vya grafiti, grafiti yapunguza mwendo wa nyutroni, zile chembe ndogo zinazoipasua yureniamu, yureniamu yapasuka, joto latokea ndani ya kioevu chenyewe, kisha kioevu hicho chaenda kutoa joto lake kwengine na kurudi.

Sasa kwa nini wasichukue tu chumvi ya Gongoni ambayo ni rahisi? Klorini ya kawaida, robo tatu yake ni klorini-35, nayo yapenda kumeza nyutroni na ikimeza yageuka klorini-36 ambayo nusu uhai wake, yaani muda wa nusu yake kuoza, ni miaka laki tatu hivi. Wako wanaotaka kutumia kloraidi kwenye riakta za nyutroni za kasi, lakini wengi wao wataka ile klorini-37 iliyotengwa, na kutenga si bure. Hata lithiamu ina shida yake: ile ya kuchimbwa ina lithiamu-6 asilimia saba na nusu hivi, hiyo nayo yala nyutroni na kutoa tritiamu, haidrojeni yenye mnururisho, kwa hivyo Flibe ya riakta yataka lithiamu-7 safi asilimia 99.99.

Mwalimu, mimi ni fundi wa friji na AC. Hapa pwani chumvi inatumaliza, kondensa ya nje ukiiweka upande wa bahari haikai, geti za watu zinabunguka. Hiyo chumvi ya nyuzi mia sita na kitu wanaiweka kwa chombo gani isitoboke? – Fundi, Changamwe

Ndugu yangu fundi, hili ndilo swali lenyewe, na watu wengi wanaoshabikia hizi riakta kwa mitandao walipita mbio.

Kwanza tuiweke kando kutu ya baharini maana ile ni kemia tofauti. Geti la Nyali linaliwa na oksijeni na unyevu, chumvi pale kazi yake ni kuufanya unyevu upitishe umeme vizuri zaidi ndio kutu ikakimbia. Ndani ya Flibe safi hakuna maji na hakuna oksijeni, vikiwemo basi chumvi imeharibika tayari na nitakueleza kwa nini.

Sasa angalia stenlesi inavyojilinda. Ina kromiamu, kromiamu yashika oksijeni yatengeneza ngozi nyembamba sana juu ya chuma, na ngozi hiyo ndiyo inayozuia. Ndani ya floraidi iliyoyeyuka ngozi ile yayeyuka, yaondoka yote. Na wewe hili walijua kwa mikono yako, ile flaksi unayopaka kabla ya kuchomea paipu kwa fimbo ya silva, soma kopo lake utaona floraidi, imewekwa mle kwa kazi hiyo hiyo ya kula ngozi ya oksaidi ili silva ishike. Kwa hivyo ndani ya riakta chuma kimesimama uchi, hakina ngozi ya kukikinga hata kidogo, na bado chombo kilikaa miaka bila kutoboka. Kilikaa vipi?

Kilikaa kwa sababu ya nani anaishika florini kwa nguvu kuliko nani. Lithiamu na beriliamu zashika florini kwa nguvu sana, zirkoniamu na yureniamu zafuata, kisha kwa mbali yaja kromiamu, halafu chuma, halafu nikeli na molibdenamu ambazo zashika kwa ulegevu. Nikeli haiwezi kumnyang'anya lithiamu florini yake hata ukiipasha vipi. Hatari iko kwa yureniamu tetrafloraidi, ile florini ya nne imeshikwa kwa ulegevu kidogo na kromiamu iliyo ndani ya ukuta yaweza kuichukua: kromiamu moja na yureniamu tetrafloraidi mbili, wapata kromiamu difloraidi ambayo yayeyuka na kwenda zake, na yureniamu mbili zimebaki na florini tatu tatu. Ukuta unapoteza kromiamu yake polepole. Mbaya zaidi ni kwamba mlingano huu unahama na joto, upande wenye joto zaidi kromiamu yatoka, upande uliopoa yaganda, kwa hivyo chumvi ikizunguka yawa ni kuchukua kromiamu huku na kuiweka kule siku zote. Kinachoupunguzia mwendo ni kwamba kromiamu ya ndani lazima isafiri kwanza mpaka juu ya chuma, na ndani ya chuma hiyo ni safari ndefu.

Wale wa maabara ya Oak Ridge, Tennessee kule Marekani wakatengeneza aloi yao kwa hesabu hii. Nikeli karibu asilimia 70, molibdenamu kama 16, kromiamu 7 tu, yaani ile ya kutosha upande wa nje usiliwe na hewa. Waliiita INOR-8, leo yaitwa Hastelloy N. Stenlesi ya jikoni kromiamu yake ni asilimia 18, ona tofauti.

Hapo bado hatujawasha. Ukiwasha, yureniamu yaanza kupasuka, na kila atomi moja ikipasuka florini zake nne zimebaki bila mwenyewe, kama wapangaji ambao nyumba imebomolewa usiku mmoja na kila mmoja anatafuta mlango ulio wazi. Vipande vinavyotokana na ule mpasuko baadhi vyazipokea, kama siziamu, strontiamu na zile metali adimu, lakini vingine havizitaki kabisa, zenoni na kriptoni ni gesi zajiondokea, molibdenamu na ruteniamu zabaki metali na kwenda kuganda kwenye kuta. Ukijumlisha, florini kidogo yabaki bila pa kukaa, na mlango ulio wazi ni ile kromiamu ya ukutani. Yaani riakta kwa kufanya kazi yake tu yaifanya chumvi yake izidi kuwa kali siku hadi siku.

Dawa yake ni nzuri mpaka huwa natamani kila mwanafunzi aione. Wachukua kipande cha beriliamu metali wakitumbukize ndani ya chumvi. Beriliamu yashika florini kuliko yureniamu, kwa hivyo yachukua ile florini ya nne na kujigeuza beriliamu floraidi, ambayo ni sehemu ya chumvi tangu mwanzo, hujaongeza uchafu wowote. Yureniamu kidogo yarudi kuwa na florini tatu, na ukiiweka hiyo kama moja katika kila mia, kromiamu yaachwa kwa amani. Ukizidisha napo wajiharibia, maana yureniamu yenye florini tatu ikiwa nyingi yaanza kujigawa, nyingine yawa metali tupu, nyingine yashikana na kaboni ya grafiti. Kwa hivyo kuna mkemia wa kupima huo uwiano na kuurekebisha maisha yote ya riakta. Mimi nasema wazi kabisa, mtu akikuletea habari za riakta hizi akakuambia ni rahisi na hajataja uwiano huu, mwambie akajifunze kwanza.

Na maji? Unyevu ukiingia watengeneza asidi ya haidrojeni floraidi, nayo yala ukuta. Oksijeni yenyewe yashikana na yureniamu yatoka kama unga mgumu wa yureniamu dioksaidi, unatua chini mahali ambapo hukutaka fueli ijikusanye. Ndio maana kwenye riakta ya majaribio ya Oak Ridge walitia zirkoniamu floraidi asilimia 5, ili oksijeni ikiingia kwa bahati mbaya ishikwe na zirkoniamu kwanza, na chumvi yote ilisafishwa kabla kwa kupitishiwa gesi za haidrojeni na haidrojeni floraidi.

Yote haya yalifanya kazi. Kilichowashangaza kilitoka upande mwingine, telariamu, ambayo ni moja ya vipande vya mpasuko. Baada ya kuzima walikata sehemu za chuma wakakuta nyufa ndogo ndogo juu juu, telariamu ilikuwa imeingia kwenye mipaka ya punje za ile aloi. Walipochunguza waliona kutia niobiamu kidogo kwenye aloi kwasaidia, na kuiweka chumvi isiwe kali kwasaidia pia. Ila fundi wangu, chombo hakikutoboka.

Je yaweza kulipuka? Nina watoto. – Mama wa duka, Kongowea

Mamangu, mlipuko wa presha hauna pa kutokea kwa sababu chumvi haina presha na hakuna maji ya kugeuka mvuke ghafla. Pia chini ya mtambo huwa na paipu iliyozibwa kwa chumvi ile ile iliyogandishwa kwa kupuliziwa upepo wa kupoza, umeme ukikatika upepo wasimama, kizibo chayeyuka, chumvi yote yashuka kwenye matangi ya chini ambako haiwezi kuendelea kuwaka, na mwisho yaganda. Lakini sitakuambia haina madhara. Beriliamu ni sumu ya mapafu, vumbi lake si la kuchezea. Tritiamu yapenya chuma cha moto ikatoka upande wa pili, na kuizuia ni kazi ngumu kweli. Iodini na siziamu kwa bahati nzuri zabaki zimefungwa ndani ya chumvi, ila kuna siziamu inayozaliwa na zenoni, na zenoni ni gesi inayotolewa kwa heliamu, hivyo sehemu ya siziamu waja kuikuta kwenye mapaipu ya gesi huko nje ya chumvi. Wataka kulindwa dhidi ya hivyo zaidi ya mlipuko.

Mwalimu, Mrima kwetu Kwale kuna thoriamu na wanasema riakta za chumvi zinatumia thoriamu. Si tumeshatajirika? – Kijana, Msambweni

Polepole kaka. Kweli udongo wa Mrima una thoriamu, mnururisho wa pale uko juu kuliko kwengine pwani, na pamoja nayo kuna niobiamu na metali adimu, ambazo ndizo zinazowavuta wachimbaji. Thoriamu yenyewe haiwaki. Yameza nyutroni, baada ya dakika chache yageuka protaktiniamu, na hiyo yachukua siku 27 nusu yake kugeuka yureniamu-233, ambayo sasa ndiyo fueli. Tabu iko kwenye hizo siku 27, protaktiniamu ikibaki ndani ya riakta yaweza kumeza nyutroni nyingine ukaikosa ile yureniamu. Oak Ridge walifanyia kazi njia ya kuitoa, chumvi yakutanishwa na bismathi iliyoyeyuka yenye lithiamu ndani, protaktiniamu yahamia upande wa bismathi. Kwa karatasi inapendeza, kwa maabara waliionyesha, kiwanda cha kufanya hivyo kila siku hakijasimama popote. Kwa hivyo atakayekuja kuwaambia mlima wenu, na ule msitu ambao wazee wa Kidigo wameutunza, utolewe kwa sababu ya thoriamu, muulizeni bismathi yake iko wapi.

Mwalimu, nimefanya kazi miaka mingi kwa injini za mafuta mazito za kutoa stima. Valvu za ekzosi zilikuwa zikiliwa na moto, bosi wetu akisema ni chumvi. Ni kemia hiyo hiyo? Na kama Wamarekani walikuwa nayo hii riakta toka zamani, mbona waliiacha? – Mzee, Mji wa Kale

Shikamoo mzee wangu. Bosi wenu alisema kweli. Mafuta mazito yana vanadiamu na sodiamu kidogo, zikiungua zatengeneza chumvi za vanadeti ambazo zayeyuka kwa joto la valvu, zikikaa pale zayeyusha ile ngozi ya oksaidi, na chuma kikabaki uchi. Ndio maana mafuta yaoshwa kwanza kutoa sodiamu. Tofauti ni kwamba kwenye injini oksijeni imejaa tele kwa hivyo chuma hakina pa kupumzika, na kwenye riakta twaweza kuifukuza.

Kuhusu kuachwa. Walianza na wazo la ndege ya kivita ya nyuklia, riakta ndogo ya chumvi ikawashwa mwaka 1954 kwa siku chache, ikafika nyuzi 860 na ikafanya kazi, ndege yenyewe haikuja. Mkurugenzi wa Oak Ridge, Alvin Weinberg, akaisukuma fikra hiyo kwa upande wa stima, wakajenga ile ya majaribio iliyowaka kuanzia Juni 1965 mpaka Desemba 1969, nguvu yake ya joto kama megawati 7 na kitu, na mwaka 1968 ikawa riakta ya kwanza duniani kutumia yureniamu-233. Kisha serikali yao ikaamua pesa ziende kwenye riakta zinazopozwa kwa sodiamu iliyoyeyuka, na kazi ya chumvi ikafifia miaka ya 1970. Kemia haikushindwa, waliamua tu kulipia kitu kingine.

Ila kuna jambo la baadaye nataka ulijue maana laniuma. Walipozima, chumvi iligandia kwenye matangi na ikaachwa. Ikiwa ya moto, mnururisho ukizing'oa florini zarudi zenyewe mahali pake mara moja. Ikiwa baridi na ngumu hazirudi vizuri, zatoka kama gesi ya florini. Walilijua hilo, wakawa wakiipasha kidogo mara moja kwa mwaka ili florini irudi. Mwaka 1994 walipochukua sampuli za gesi kwenye mapaipu wakakuta florini, na pamoja nayo yureniamu heksafloraidi, yaani fueli ilikuwa imegeuka gesi na kutembea mpaka kwenye kitanda cha mkaa cha kuchujia, na mkaa uliokunywa florini waweza kulipuka. Kusafisha kulichukua miaka. Kwangu mimi huu ndio upungufu mkubwa wa ule mradi, walijua vizuri jinsi ya kuiendesha chumvi ikiwa ya moto na hawakupanga vya kutosha siku ya kuizima. Leo Wachina wana riakta yao ya megawati 2 jangwani Gansu, iliwaka Oktoba 2023, na pale pale Oak Ridge kuna kampuni iliyopewa kibali Desemba 2023 kujenga riakta inayopozwa kwa Flibe, hiyo fueli yake ni yabisi, haijayeyushwa ndani ya chumvi. Swali la kuwauliza wote ni hilo la matangi.

Mwalimu mimi niko form four, nataka kusomea hii kitu. Nianzie wapi? – Mwanafunzi, Kisauni

Mwanangu umeshaanza na hujui. Ile elektrolisisi ya ledi bromaidi iliyoyeyuka iliyo kwenye silabasi yenu ni kemia ya chumvi iliyoyeyuka tupu. Ikiwa ngumu taa haiwaki, ikifika nyuzi 370 na kitu yayeyuka, ayoni zaachiana, taa yawaka. Kule kwenye riakta wapima ule uwiano wa yureniamu kwa njia ya jamaa hiyo, watumbukiza elektrodi, wapandisha volti polepole, na mkondo unaopita wawaambia yureniamu ngapi ina florini nne na ngapi ina tatu, bila kuchota chumvi nje. Kwa hivyo shika elektrokemia na nishati ya kuunda kampaundi, zile hesabu za entalpi mnazozikimbia, maana orodha ya nani anaishika florini kuliko nani niliyompa fundi wa Changamwe hapo juu yatoka huko huko. Chuoni chukua kemia au uhandisi wa kemikali, fizikia ya nyuklia utaikuta mbele.

Na mkifanya ile ya ledi bromaidi mwambieni mwalimu wenu mfanye ndani ya kabati la kuvuta moshi, kama shule haina msiifanye darasani. Mvuke wa bromini unachoma koo na ule wa ledi ni sumu, tazameni video yake tu na mchore grafu zenu.